Kalisi ya bavyaa na karatasi ya msasa

Ami, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimezaliwa na kukulia Kibokoni, lakini huu ni mwaka wa sita naishi Zamboanga, kusini mwa Ufilipino. Mume wangu ni Mtausug, kabila la Waislamu wa visiwa vya Sulu, fundi wa mitambo melini. Tulijuana meli yao ilipokwama Kilindini wiki kadhaa. Bavyaa amefariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Arobaini haijafika, na mume wangu yuko baharini hadi mkataba uishe, miezi mitatu mbele.

Juzi mavyaa aliniita chumbani kwake, akavuta kutoka mvunguni kitu kirefu kilichoviringwa mkekani. "Hii ni ya mumeo," akasema. "Alikuwa nayo baba yake, na kabla yake babu." Ndani mlikuwa na upanga. Mimi kwetu nimezoea panga la kufyekea na jambia la harusini. Kitu kama hiki sijapata kukiona. Nimeupima kwa futi ya kushonea: chuma peke yake ni sentimita 54. Una makali pande zote mbili. Kutoka mpinini hadi kama katikati umepindapinda mfano wa nyoka anayetambaa, halafu unanyooka mpaka nchani. Karibu na mpini chuma kinapanuka, upande mmoja zaidi ya wa pili, na hapo pana kitu kama mdomo wa ndege uliofunguka. Mstari mwembamba unakitenga kipande hicho na chuma kilichobaki. Unakwenda sawa, kisha mwishoni unashuka kwa pembe.

Mpini umezungushiwa kamba nyembamba iliyosukwa, na pete za madini meupe yaliyopiga weusi. Kichwani pana ndege mwenye kishungi, mweupe wa kuelekea manjano, ana ufa mdogo shingoni. Upande mmoja kuna kibano cha chuma kinachoushika upanga na mpini. Upande wa pili imebaki alama tu. Ala ni ya mbao, vipande viwili vimefungwa kwa henzirani, na henzirani imelegea.

Chuma kina kutu nyekundu, madoa madoa, na kwingine utando mweusi unaonata. Ala inamwaga ungaunga. Mavyaa anasema mzee alikuwa akiusugua kwa kalamansi, ile ndimu yao ndogo, kila Idi ikikaribia, kisha akiupaka mafuta ya nazi. Ila miaka minne ya ugonjwa wake hakuna aliyeugusa.

Sasa kila mtu ana neno lake. Jirani anasema ni barongi. Binamu wa mume wangu anasema si wa huku, umetoka Indonesia. Shemeji amekwisha nunua msasa na kopo la vanishi. Anataka ung'ae siku ya arobaini, na mkono ukishindwa ataupeleka gereji wakaupige mashine. Mtu mmoja wa sokoni ameleta salamu kwamba atanunua. Na kaka yangu, nilipomtumia picha, kasema niulete Mombasa tuutundike sebuleni. Mavyaa hasemi kitu, anatazama tu. Alilonieleza ni moja: mji wa Jolo, kwao Sulu, ulipoungua, wao walitoka na watoto, Msahafu na huo mkeka.

Nifanye nini, Ami?

Mke wa baharia, Zamboanga

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Kabla hujasoma zaidi, nenda kamnyang'anye shemeji yako huo msasa. Mwambie Ami kakataza. Kutu imekaa hapo miaka minne, haitakula upanga kwa muda wa kusoma barua. Lakini msasa ukishapita mara moja, ulichokiondoa hakirudi.

Ulicho nacho ni kalisi, upanga wa Wamoro, yaani Waislamu wa Sulu na Mindanao. Jirani yako kakosea, ingawa barongi nayo ni ya Watausug hao hao. Barongi ina makali upande mmoja, mgongo mnene, na umbo la jani lililofura tumboni. Haina mawimbi wala mdomo wa ndege. Binamu naye kakosea, lakini si kwa mbali. Kalisi na kerisi ya Java ni ukoo mmoja. Kerisi ilibaki kuwa silaha ndogo ya kuchomea, na mpini wake mdogo umepinda. Kalisi ilirefuka na kunenepa ikawa upanga wa kukatia, mpini ukanyooka ili mkono ushike kwa nguvu. Na kile kibano ulichokieleza ndicho kinachonifanya niseme bila wasiwasi kwamba huu ni wa huko huko uliko. Huitwa asang-asang. Ulimi wa chuma unaoingia mpinini ni mfupi, umegandishwa kwa utomvu wa mti tu, na bila vibano upanga ungezunguka mkononi kila ukigonga kitu kigumu. Kerisi ya Java haina kibano hicho.

Ndege ni kakatua, kasuku wa kishungi wa visiwa vile.

Kuhusu umri, tazama tena ule mstari. Kipande kinachotengwa nao huitwa gangya. Katika kalisi za zamani gangya ni kipande mbali kabisa, kimefuliwa peke yake kikavishwa penye shina la upanga. Wenye kuzisoma silaha hizi huanzia hapo. Mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho ni dalili ya uzee mkubwa. Mstari unaokwenda sawa kisha ukashuka kwa pembe, kama wako, ni wa karne ya 19 hadi mwanzo wa karne ya 20. Kuanzia miaka ya 1930 hivi mafundi wengi waliacha kutenga kipande, wakawa wanachora mstari juu juu tu kwa ajili ya sura. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia na taa ya simu, ulalishe mwanga ubavuni, utazame. Ikiwa ni ufa wa kweli unaotokeza upande wa pili na hata kwenye ukingo, mmeshika kitu alichokijua babu wa babu. Ikiwa ni mchoro, bado ni cha babu, na thamani yake nyumbani kwenu haipungui hata chembe. Pete nazo zinasaidia: fedha hupiga weusi kama ulivyoeleza, aluminiamu haipigi weusi namna hiyo, na mpini wenye aluminiamu huwa wa karne ya 20 au ulitengenezwa upya wakati huo.

Hapa sasa ndipo ninapogombana na msasa. Kalisi nyingi nzuri zimefuliwa kwa tabaka: chuma laini na chuma kigumu vimekunjwa na kupigwa pamoja mara nyingi. Fundi akimaliza, anakipaka chuma maji makali ya tunda ili tabaka zijitokeze, nyingine nyeusi, nyingine za kijivu, mfano wa mbao iliyorandwa. Nakshi ile imekaa juu juu ya ngozi. Bavyaa wako hakuwa akicheza na kalamansi. Alikuwa akifanya alichoonyeshwa na baba yake, kuamsha nakshi kabla ya sikukuu. Gurudumu la gereji litaifuta kwa dakika tano, liupashe moto ukingo mpaka ugumu wake ulegee, na litakachowaachia arobaini ni kipande cha bati kinachong'aa. Nimeona jambia la Lamu lililofanyiwa hivyo na mjukuu mwenye mapenzi mema. Ilikuwa kama kumtazama mzee aliyenyolewa nyusi.

Lakini hata huo usafi usiuanze leo. Anza na mavyaa.

Unasema hasemi kitu, anatazama tu. Mwanangu, anangoja kuulizwa. Jolo iliungua Februari 1974, katika mapigano ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Moro, na watu kwa maelfu walikimbilia huko Zamboanga mliko. Mtu anayekimbia moto akachukua watoto, Msahafu na mkeka huo, basi katika mkeka mna jambo. Huko kitu cha namna hii huitwa pusaka, urithi usiouzwa, unaopita mkono kwa mkono. Kaa naye alasiri moja, muwashie simu irekodi, aseme kwa lugha yake mwenyewe. Nani alikuwa nayo kabla ya babu? Iliwahi kupelekwa kwa fundi? Kibano cha pili kilianguka wapi? Mkeka wenyewe nani aliusuka? Akikupa visa vya nguvu za upanga, kwamba huruka, kwamba hulia usiku, viandike kama alivyovisema. Si lazima uviamini ili uvihifadhi, na kuvihifadhi si kuviabudu.

Nakwambia hivi kwa sababu kalisi zimejaa ulimwenguni, masimulizi yake ndiyo yamepotea. Wanajeshi wa Marekani walipigana na Wamoro miaka mingi, katika mlima wa Bud Dajo mwezi Machi 1906, na wa Bud Bagsak Juni 1913, na wengi walirudi kwao na panga kama kumbukumbu. Leo ziko kwenye makumbusho na kwenye vyumba vya juu vya nyumba za Marekani, nzuri kuliko yako huenda, na hakuna anayejua ya nani. Yenu ina majina. Sauti ya mavyaa ndiyo nusu ya urithi huo, na hiyo haipakwi mafuta.

Akikubali upanga uguswe, piga picha kwanza. Pande zote mbili, futi ikiwa pembeni, na kila doa kwa karibu.

Kuchomoa ni kazi ya uangalifu. Ala ya vipande viwili ikilegea, makali hutokeza katikati ya mbao, na mtu aliyeizungushia vidole hukatwa na upanga ambao bado umo alani. Ishike kwa bapa zake, kidole gumba huku na vidole vingine huku, pasiwe na kidole juu ya maungio. Watoto wasiwepo. Vaa glovu za pamba, au nawa mikono uikaushe sana. Jasho lina chumvi, na alama ya dole la leo ni kutu ya mwezi ujao.

Ule utando mweusi unaonata ni mafuta ya nazi ya miaka. Sisi na wao tunayapenda sana mafuta haya, lakini kwenye chuma yanachacha, yanaganda kama gundi, na yanashika vumbi. Yaache kwa nywele. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa mafuta ya taa au tapentaini, madirisha wazi na jiko limezimwa, ufute kutoka gangya kwenda nchani. Usirudi nyuma na usisogee mpinini: kioevu kikipenya humo kitayeyusha utomvu unaoushika upanga, na kamba ile ya kusuka itanywa uchafu wote.

Kutu nyekundu inataka subira. Dondosha mafuta ya cherehani juu ya doa, uliache siku nzima. Kesho chonga kijiti cha mwanzi, ukwangue taratibu ndani ya mafuta, ufute, udondoshe tena. Mwanzi ni laini kuliko chuma, haukikwaruzi, lakini unaiondoa kutu iliyolegezwa na mafuta, ndiyo maana mafundi wa vitu vya kale wanaupenda. Doa moja laweza kuchukua wiki. Likikaidi kabisa, tumia nyuzi za chuma laini kuliko zote, zile za namba sifuri nne, zikiwa zimelowa mafuta, kwa kufuata urefu wa upanga, mara mbili tatu, basi. Utajua umefika pale kitambaa cheupe kitakapokoma kutoka chekundu. Weusi wa kijivu utakaobaki chini uache. Hiyo si kutu inayokula, ni ngozi ya upanga. Vishimo navyo utabaki navyo. Hakuna dawa ya kishimo isipokuwa kukata chuma chote kilichokizunguka, na hilo tumekwisha likataa.

Kalamansi kwa sasa hapana. Mzee alijua kuosha, kukausha na kupaka papo hapo, na aliitia kwenye chuma safi. Ukiitia kwenye chuma chenye vishimo, maji makali yanajificha humo yakiendelea kula chini kwa chini. Mumeo akitaka nakshi iamke, atafutwe mtu ambaye mikono yake imekwisha kuifanya kazi hiyo.

Mwisho wa yote pitisha mafuta ya cherehani kidogo sana, kisha uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kwa unyevu wa Zamboanga, kagua kila mwezi.

Mpini: brashi laini kavu, si zaidi. Weusi wa fedha usiutie dawa ya kung'arishia, itaingia katika kamba na kuganda nyeupe. Ufa wa shingo usiutie gundi ya aina yoyote. Uweke tu mbali na jua, na mbali na feni au mashine ya kupoza hewa inayoupulizia moja kwa moja. Kibano kilichopotea kisitafutiwe pacha wa kuchonga leo.

Ungaunga wa ala unanipa mashaka ya dumuzi, mdudu mla mbao. Tandika karatasi nyeusi chini yake usiku mmoja. Asubuhi ukikuta vilima vidogo vya unga mpya, wamo. Itie ala peke yake katika mfuko wa plastiki, uifunge hewa isipite, uiweke kwenye friza wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko hadi kesho yake, ili jasho la baridi litokee nje ya plastiki na si juu ya mbao. Ala tu, narudia. Upanga na yule ndege wasiingie friza, ufa utatembea. Henzirani usiikaze kwa waya wala kamba ya plastiki. Funga ala kwa utepe wa pamba mpaka apatikane msukaji. Na hata ikipona, usiulaze upanga ndani yake siku zote, mbao hunywa unyevu na kuutema juu ya chuma. Uviringe katika kitambaa cha pamba, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye sanduku la viatu vipya, kisha uurudishe mkekani. Hapo mkekani ulikaa vizuri tangu 1974.

Nije kwa kaka yako wa Mombasa. Mwambie asubiri, na huenda asubiri milele.

Kwanza, sheria ya urithi wa utamaduni ya Ufilipino, namba 10066 ya 2009, inahesabu vitu vya jadi vya makabila kuwa mali ya utamaduni, navyo havitoki nchini bila idhini. Mahali pa kuuliza hamna mbali: Makumbusho ya Taifa wana tawi mjini mwenu, ndani ya ngome ya Fort Pilar. Pigeni simu, mwulize kama yuko mtu wa kuutazama. Watawasaidia na umri pia. Siku ya kuupeleka ufungeni vizuri na nendeni moja kwa moja, kwa sababu tangu 1978 sheria ya huko inamkaba mtu anayetembea nje na silaha ya makali isiyo ya kazi.

Pili, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi, yule ndege. Mweupe wa manjano, wa zamani, ana ufa shingoni: anaweza kuwa pembe ya ndovu. Anaweza pia kuwa mfupa, au jino la nguva. Mtazame kwa kioo cha kukuzia mahali palipokatwa kwa kukingama. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayopishana kama nyavu. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi kama ncha za sindano. Usimchome kwa sindano ya moto kama watakavyokushauri watu, utamtia kovu bure. Sasa fikiri: Kenya ndiyo iliyochoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haimwachi mtu kukaa na pembe bila kibali, na adhabu zake zinahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi na miaka ya jela. Kumweleza ofisa wa forodha pale uwanja wa ndege wa Moi kwamba ni kasuku wa marehemu bavyaa ni maneno matamu, lakini yatasikilizwa mahakamani. Kaka atundike picha.

Yule wa sokoni mjibuni kwa heshima kwamba msiba haujaisha na mwenyewe yuko safarini. Huo ni ukweli mtupu. Kitu hiki alipewa mumeo kwa mkono wa mama yake kupitia kwako. Si wewe wa kukiuza, wala shemeji.

Shemeji nimemsema sana, nisimwonee. Anataka kumfanyia baba yake jambo siku ya arobaini, na hilo ni jema. Mpe kazi ya kuchonga vijiti vya mwanzi, akae na mama yake wakati anazungumza, aulize yale ambayo wewe mkwe huwezi kuyauliza. Siku yenyewe upanga ulale juu ya mkeka wake, umefutwa vumbi, na madoa yake juu. Vanishi hiyo apake mlango.